Kumaliza Chuo Kikuu Ukiwa Papa: Historia ya Kuchelewa Kwetu

Siku nilienda kujiandikisha chuo kikuu, kijana wa ofisi ya uandikishaji alinisogezea kiti kwa heshima, akauliza: "Karibu papa. Mtoto yako anataka kusoma nini?" Nikamjibu kwamba mtoto ni miye. Ilikuwa mwaka 2011, nilikuwa na miaka 35. G3 nilimaliza na miaka 38, licence na miaka 41. Wadogo zangu walicheka. Mama watoto hakucheka, maana ni yeye aliuza ndakala kila asubuhi ili minerval ipatikane.

Ninaleta habari hii juu ya swali lililoulizwa katika mkutano mkuu wetu wa mwisho. Mwanachama mmoja alitaka mkopo wa masomo uwekewe mpaka: asiyetimiza miaka 30 apewe, aliyepita asipewe. Hoja yake ilikuwa hii: mtu akimaliza masomo nyuma ya miaka 40, nani atamwajiri, na mkopo atarudisha na nini? Wandugu, swali hilo si baya, na wafadhili wetu pia wana haki ya kuliuliza. Lakini kabla ya kupiga kura tuangalie kwanza kuchelewa huku kulitoka wapi.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 nchi nzima. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, ile ya serikali kule Élisabethville mwaka 1956. Mkoloni alijenga shule za msingi nyingi, lakini mlango wa juu aliufunga kwa kufuli. Kwa hiyo wakati ule ni kazi iliyokimbiza mtu. Septemba 1960, Mobutu aliposimamisha wanasiasa, nchi iliwekwa mikononi mwa Baraza la Makamishna, na wengi wao walikuwa wanafunzi au vijana waliotoka tu chuoni. Étienne Tshisekedi alikuwa bado anasoma sheria Lovanium alipofanywa kamishna msaidizi wa mambo ya haki; udaktari wake wa sheria aliupata mwaka 1961. Yaani ofisi ilikuja kwanza, mtihani wa mwisho ukafuata nyuma. Msimulie leo kijana wa chuo kikuu habari hiyo, atasema unamdanganya.

Toka hapo shahada ziliongezeka, kazi hazikuongezeka. Na siasa ikachezea kalenda ya masomo. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu, na mwaka ule ule vyuo vikuu vitatu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, kilichokuja kugawanywa tena mwaka 1981. Mei 1990 damu ilimwagika kampasi ya Lubumbashi. Hata aliyeanza akiwa na miaka 19 hakuwa na hakika ya mwaka wa kumaliza.

Huku kwetu Fizi, kuchelewa kulianza mapema zaidi. Uasi wa 1964 ulifunga shule, na kwetu haukuisha kama pengine. Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda chama chake cha PRP, na maquis ya Hewa Bora ikakaa milimani mpaka miaka ya 1980. Watoto wa kule walijifunza kusoma, lakini bila cheti ambacho Serikali ilikitambua. Wengine walivukishwa ziwa kwenda Kigoma. Baba yangu alikaa darasa la sita akiwa na ndevu, na hakuona haya, kwa sababu nusu ya darasa ilikuwa na ndevu.

Halafu ikaja Oktoba 1996. Nilikuwa darasa la tano sekondari. Tulivuka na mitumbwi usiku, na mwaka 1997 tukajikuta Lugufu. Wengine walikuwa Nyarugusu, iliyofunguliwa mwisho wa 1996. Kambini tulisoma kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katikati ya nchi ya Kiswahili na Kiingereza. Wazo lilikuwa kwamba tutarudi kesho. Kumbe kesho hiyo ilikuwa miaka tisa: boti za HCR kutoka Kigoma kuja Baraka zilianza Oktoba 2005. Kutoka kambini bila kibali hairuhusiwi. Njia ya chuo kikuu ilikuwa hasa bourse ya DAFI, inayolipwa na Ujerumani tangu 1992, na nafasi zilikuwa chache kuliko waombaji. Tena aliyeomba alitakiwa asipite miaka 28 wakati wa kuanza. Wengi wetu tulifikisha 28 tukiwa bado tunangoja.

Lakini hatukukaa bure. Nilifundisha Lugufu miaka saba, mbele ya watoto zaidi ya 70 kwa darasa, kwa ile pesa ndogo tuliyoita insentivu. Niliporudi 2007 karatasi zangu hazikuwa kamili, nikafanya tena mtihani wa Serikali kama autodidakti, pamoja na watoto niliokuwa nimewafundisha mimi mwenyewe kambini. Watu wanaita miaka ile miaka iliyopotea. Miye sikubali. Miaka ile ilikuwa ya kazi. Kilichokosekana ni karatasi ya kuonyesha hiyo kazi.

Na hapo ndipo kuchelewa kunauma. Nilipomaliza licence niliona tangazo la shirika moja: uzoefu wa miaka mitano katika elimu, umri usizidi 35. Niliandika hata hivyo. Waliniita, tukaongea vizuri, wakaomba uthibitisho wa miaka ya kambini. Barua niliyokuwa nayo ilikuwa imeliwa na mchwa upande wa muhuri, na ofisi iliyoitoa ilikuwa imeshafungwa. Kazi ikaenda kwa mwingine. Nikarudi kwenye chaki. Sisi sote tunajua njia ile: unaingia shule kama NU, bila namba wala mshahara, unaishi kwa prime ya wazazi. Ukingoja hivyo na miaka 24 unaweza kula kwa mama yako. Ukingoja na miaka 41, watoto wako wanangoja pamoja na wewe. Miye nilingoja miaka mitatu. Wenzetu wa shule ya msingi, elimu ya bure ilipoanza mwaka 2019, hata prime iliondoka kabla mshahara haujawafikia wote.

Tuko watano ninaowafahamu hapa tuliosoma kwa mkopo wa chama nyuma ya miaka 30. Wawili tunafundisha. Mmoja ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Mwingine anapata mikataba mifupi ya utafiti na tafsiri, juu ya Kiswahili sanifu na Kiingereza alivyookota Tanzania. Wa tano hakupata kazi ya shahada yake, ana duka la saruji na misumari. Wote tulirudisha mkopo, na huyo wa duka ndiye aliyetangulia.

Kwa hiyo miye nitapiga kura ya kukataa mpaka wa miaka 30. Napendekeza badala yake muda wa kurudisha ufuate umri na mzigo wa nyumba, na chama kianze kutunza daftari ya kazi tulizofanya kambini: mwalimu, mkunga, mtu wa bomba la maji, msaidizi wa ghala. Wale waliofanya kazi pamoja watie sahihi mashahidi wakiwa bado hai, maana wazee wa Lugufu wanapungua. Katibu amekubali kuanza kupokea kopi kabla ya mkutano ujao. Mwenye barua yoyote ya kambini aje nayo, hata ile iliyoliwa na mchwa.