Kasumba

Wengi tunalijua neno hili kwa maana moja: fikra potofu zilizomkaa mtu kichwani hata akazitetea, kama vile kasumba ya kikoloni. Lakini kamusi zinatoa na maana nyingine: kasumba ni afyuni, utomvu mkavu wa tunda la mpopi.

Ndani ya utomvu huo mna mofini, kodeini na papaverini, alkaloidi ambazo mmea huziunda kutokana na asidi amino iitwayo tirosini. Wanakemia huziweka katika ukoo wa isokwinolini, kwa kuwa zote zinatokana na kiini cha pete mbili za atomi zilizoungana, moja ikiwa na naitrojeni. Mjerumani Friedrich Sertürner aliitenga mofini mwanzoni mwa karne ya 19. Mmarekani Marshall Gates akatangaza mwaka 1952 kwamba ameiunda maabarani.

Hapa Keko, Dar es Salaam, iliko Bohari ya Dawa, neno hili linastahili uangalifu, kwani mofini ina sura mbili. Mofini ikigeuzwa heroini huangamiza vijana wetu. Ikitolewa na daktari kwa kipimo, humtuliza mgonjwa wa saratani. Nchini Uganda, Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji ikawafikia wagonjwa majumbani mwao.

Basi kuamini kwamba kila anayepewa mofini hospitalini atageuka teja nako ni kasumba, tena kasumba inayowanyima wagonjwa nafuu wanayostahili. Tuikatae.