KUSAFISHA PICHA: HISTORIA YA NURU, DAWA NA TARAKIMU

Katika Kiswahili picha hupigwa, kisha husafishwa. Kitenzi cha kwanza hakina ajabu, kwa kuwa kupiga hubeba kazi nyingi zisizo na pigo lolote ndani yake, kama vile kupiga pasi, kupiga simu na kupiga mswaki. Cha pili ndicho kinachostahili kutazamwa. Mtu wa zamani aliyepeleka mkanda wake wa picha dukani hakusema kwamba unakwenda kukuzwa wala kufunuliwa, ijapokuwa ndivyo zinavyosema lugha nyingine. Alisema unakwenda kusafishwa. Neno safi, lililotoka katika Kiarabu, halina maana ya kukosa uchafu tu, bali lina pia maana ya kuwa wazi, kama maji yanayoonyesha changarawe zilizo chini yake. Asafishaye hudhihirisha kilichokuwapo.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa programu za kompyuta, na wengi huiita kuhariri, neno lililoazimwa katika kazi ya magazeti na vitabu. Mhariri anayo ruhusa ya kufuta sentensi na kutia nyingine mahali pake. Basi maneno haya mawili si visawe. Ndani yake mna kazi mbili mbalimbali, nazo zimegombania chumba kimoja tangu picha zilipoanza kupigwa.

Wengi hudhani kwamba urekebishaji wa picha ulianza na kompyuta. Sivyo hata kidogo. Daguerre alitangaziwa ulimwengu mwaka 1839, na kabla ya miaka ishirini kupita mafundi walikuwa wamekwisha kuingiza mikono yao. Mwaka 1855, katika maonyesho makubwa ya Paris, Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha negativu aliyoipitia kwa mkono ili kuulainisha uso wa mtu. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionyesha huko Manchester picha moja kubwa aliyoiunganisha kutokana na negativu zaidi ya thelathini. Mfaransa Gustave Le Gray, katika picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857, mara nyingine alitumia negativu mbili, moja ya maji na moja ya mbingu. Huyu hakutaka kumdanganya mtu. Dawa ya wakati ule iliathiriwa sana na nuru ya buluu, hata mawingu yakapotea katika weupe mtupu kabla bahari haijapata nuru ya kutosha. Alichofanya Le Gray kilikuwa kurudisha kile ambacho jicho lilikiona na bamba likashindwa kukishika.

Tabia hiyo ya dawa ilikuwa na matokeo mengine, ambayo yanahusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Bamba lisiloona ila buluu na urujuani haliwezi kuipima sawasawa ngozi ya kahawia, kwa sababu nuru inayorudishwa na ngozi hiyo ni nyekundu zaidi kuliko buluu. Hermann Vogel aligundua mwaka 1873 kwamba rangi maalumu zikitiwa katika dawa huifanya iione kijani; lakini mabamba ya kuona rangi zote hayakuanza kuuzwa mpaka mwaka 1906, na Wratten and Wainwright wa Uingereza. Unguja wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa na wapiga picha wake, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho. Atazamaye picha za zama zile, ambamo kanzu hung'aa na uso wa mvaaji huzama katika giza, hana budi kukumbuka kwamba giza lile si ushahidi wa rangi ya mtu. Ni ushahidi wa dawa. Yaonekana jambo dogo, lakini wako waliosoma picha hizo kama hati za mbari na asili za watu.

Na hapa lugha yenyewe ina kichekesho chake. Katika Kiarabu, sura ni picha; katika Kiswahili, sura ni uso. Mswahili alilichukua jina la picha akalipa uso, kisha picha akaitafutia jina kwa Waingereza. Katika kamusi za zamani taswira na sanamu zilitumika pia kwa maana hiyo, lakini picha ndiyo iliyoshinda.

Aliyeieleza kazi ya kusafisha kwa ukamilifu kuliko wengine alikuwa Mmarekani Ansel Adams. Pamoja na Fred Archer, katika chuo cha Art Center huko Los Angeles, alitunga kati ya mwaka 1939 na 1940 utaratibu wa kuigawa nuru katika madaraja kumi na moja, tangu weusi kamili mpaka weupe kamili, kila daraja likiwa na nuru maradufu ya lile lililo chini yake. Kipima nuru hakijui kinatazama nini. Kikielekezwa kwenye ukuta mweupe au kwenye lango la makaa, hudhani kwamba kinatazama kitu cha kijivu cha katikati, kirudishacho kiasi cha asilimia 18 ya nuru, na hutoa kipimo cha kukifanya kijivu. Kwa hiyo mpiga picha asiyefikiri hupata kanzu ya kijivu na buibui la kijivu. Adams alifundisha kwamba kuamua kitu kiwe daraja gani ni kazi ya mtu, tena ni kazi ya kabla ya kufyatua. Aliifananisha negativu na nota za muziki, na picha iliyochapwa na uimbaji wake.

Kisa mashuhuri ni cha tarehe 1 Novemba 1941. Akirudi kwa gari jioni, Adams aliuona mwezi umesimama juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na jua la mwisho likigusa misalaba ya makaburi. Alisimamisha gari na kutega kamera yake kubwa, lakini kipima nuru hakukiona. Akakumbuka kiasi cha nuru ya mwezi, akafanya hesabu kichwani, akafyatua mara moja. Kabla hajawahi kupiga ya pili, nuru ilikuwa imekwisha kuondoka katika misalaba.

Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo. Upande wa chini wa negativu ile, penye kijiji na makaburi, ulikuwa hafifu mno, na kwa miaka kadhaa kuichapa kulimtesa. Mwaka 1948 aliuzamisha upande huo peke yake katika dawa ya kuongeza nguvu. Dawa hiyo hushikamana na chembe za fedha zilizomo na kuzinenepesha. Pasipo chembe, haina la kufanya. Misalaba ikapata nguvu kwa sababu nuru ilikuwa imekwisha kuiandika, ijapokuwa kwa wino hafifu. Mbingu nayo alizidi kuitia giza, mwaka hata mwaka, kwa kulikinga karatasi hapa na kuliongezea nuru pale, hata nakala za mwisho zikawa na anga jeusi ambalo nakala za mwanzo hazina. Alichapa nakala zaidi ya elfu moja. Je, alisafisha au alihariri? Upande wa makaburi, alisafisha bila shaka. Upande wa mbingu jawabu si jepesi, na wanaomtaja Adams kama shahidi wa picha isiyoguswa wafaa waziweke nakala mbili za miaka mbalimbali kando kwa kando.

Mikanda ya rangi ilipoenea baada ya vita vya pili, uamuzi ulitoka mikononi mwa mpiga picha ukaingia katika mashine za maabara. Mashine hizo zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke, na kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa Mzungu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, katika makala aliyoyachapisha mwaka 2009, alionyesha kwamba Kodak ilianza kuboresha jinsi mikanda yake inavyoshika rangi za kahawia kwa sababu, pamoja na nyingine, watengeneza samani na wauza chokoleti walilalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Malalamiko ya mbao yalisikika mapema kuliko ya nyuso.

Kompyuta iliingia taratibu. Mwaka 1957 Russell Kirsch, katika ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, aliigeuza picha ya mtoto wake kuwa tarakimu, vidoa 176 kwa 176. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera isiyo na mkanda wa picha, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kaseti. Lakini programu iliyoyafikisha mambo haya kwa watu ilianzishwa mwaka 1987 na Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, akisaidiwa na ndugu yake John. Kampuni ya Adobe ikaanza kuiuza Februari 1990 kwa jina la Photoshop. Ndugu hao walikuwa wamejifunza kuchapa picha katika chumba cha giza cha baba yao, na alama za chumba kile zilihamia katika kioo cha kompyuta. Chombo cha kupunguza giza huonyeshwa kwa kijiti chenye kidude cha mviringo, ambacho fundi alikitumia kukinga karatasi. Cha kuongeza giza huonyeshwa kwa kiganja kilichokunjwa kuacha tundu la kupitisha nuru. Hata chombo cha kuikaza picha kina jina lenye neno la ukungu, jambo linalowakanganya wanafunzi. Sababu ni kwamba tangu miaka ya 1930 mafundi walitengeneza nakala yenye ukungu, wakaibandika pamoja na negativu, na kingo za vitu zikatokea kwa ukali zaidi. Kijana anayebofya alama hizi leo hutumia istilahi za kazi ambayo huenda hajapata kuiona.

Kanuni moja, hata hivyo, iligeuka juu chini. Aliyetumia negativu aliogopa kivuli, kwa kuwa pasipo nuru ya kutosha hapakuwa na fedha. Atumiaye kamera ya dijitali huogopa kwanza weupe, kwa sababu kidoa kikijaa nuru mpaka ukingoni, tarakimu husimama, na nyuzi za kanzu hazirudi tena. Lakini asikimbilie giza. Faili ghafi ya tarakimu za mizani kumi na nne ina hatua 16,384, nazo hazikugawanywa sawasawa: daraja la juu kabisa la nuru huchukua nusu yake, yaani 8,192, linalofuata 4,096, na hivyo hivyo kila daraja hupata nusu ya lile lililolitangulia. Tuseme kanzu iko katika daraja la juu, na uso wa mvaaji uko madaraja manne chini yake. Uso huo una hatua 512. Mpiga picha akipunguza nuru kwa daraja moja tu, kwa hofu, uso hubaki na 256, na kiasi cha chembechembe chafu kinachoonekana huzidi. Ndiyo sababu Michael Reichmann, baada ya mazungumzo na Thomas Knoll, aliandika mwaka 2003 akiwashauri wapiga picha waitie kamera nuru nyingi kadiri inavyowezekana bila kuujaza weupe, kisha waipunguze baadaye katika programu.

Wakati wa adhuhuri katika pwani ya ikweta, shauri hilo halitoshi. Jua la utosini huitia kanzu nuru kali na kuyatia macho kivuli cha kofia, na hapana programu itakayopatanisha viwili hivyo bila kuacha alama. Dawa ni kumhamisha mtu. Akiketi barazani, akitazama njia, nuru haimshukii tena kutoka juu. Humjia kutoka mbinguni kwa upande na kutoka katika kuta zilizopakwa chokaa. Umbali baina ya kanzu na uso hupungua, kipimo huchukuliwa usoni, na kazi ya kompyuta huwa fupi. Watengeneza simu nao wamejaribu kulitatua jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2021 Google ilitangaza kamera iliyofunzwa kwa picha za watu wa ngozi za namna nyingi. Hatua hiyo yafaa kusifiwa, ijapokuwa imechelewa.

Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1960, na kwa mkasi, gundi na chumba cha giza aliunganisha nyuso za wateja wake na mapambo na mandhari za kila namna. Huo ulikuwa uhariri wa wazi, na aliyeilipia picha alijua anapata nini. Ni mbali na kisa cha mwaka 2006, ambapo shirika la habari la Reuters liliziondoa picha 920 za mpiga picha mmoja katika hazina yake baada ya kuonekana kwamba moshi wa Beirut ulikuwa umerudiwarudiwa kwa programu.

Tangu mwaka 2023 Photoshop ina chombo kinachojaza sehemu tupu ya picha kwa vitu vilivyobuniwa na mashine, na programu za namna hiyo zinatumika sasa kufufua picha za zamani. Hapa mpaka wa kusafisha umevukwa bila kelele. Negativu ya arusi yenye uso uliopungukiwa na nuru, ikiinuliwa dirishani, huonyesha mahali pa uso pakiwa peupe kama kioo: hapana chembe, hapana kilichoandikwa. Dawa ya Adams isingepata pa kushikamana. Programu mpya haisiti. Huweka pale macho, pua na tabasamu, vilivyokusanywa kutokana na nyuso za watu wengine, na wajukuu hupelekewa sura ya bibi ambayo bibi hakuwa nayo. Hifadhi ya nyaraka inayopokea faili ya namna hiyo haina njia ya kujua, isipokuwa nakala ya kwanza, ile isiyoguswa na yenye giza lake, iwe imewekwa kando yake pamoja na maelezo ya nini kilisafishwa na nini kilitiwa.