Nani Mwenye Kesi? Mwathiriwa na Mwendesha Mashtaka Nchini Kenya

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo inagusa swali kongwe la sheria: ndugu yako akiuawa, kisha serikali ikaamua kutomshtaki mtuhumiwa, je, una la kusema? Leo tuvuke mpaka hadi Kenya tuone jirani zetu walivyolijibu.

Chini ya katiba ya zamani ya Kenya, mwenye kauli ya mwisho alikuwa Mwanasheria Mkuu. Aliweza kuiondoa kesi mahakamani wakati wowote kabla ya hukumu kwa tamko liitwalo kwa Kilatini nolle prosequi, yaani kutotaka kuendelea na mashtaka. Raia aliweza kumwomba hakimu ruhusa ya kufungua mashtaka binafsi, lakini mlango huo ulikuwa mwembamba, kwa kuwa Mwanasheria Mkuu aliweza kuyachukua mashtaka hayo na kuyafuta. Katika miaka ya 1990, Chama cha Wanasheria cha Kenya kilijaribu kuwashtaki watuhumiwa wa kashfa ya Goldenberg. Jaribio hilo liligonga mwamba.

Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilitamka kwamba uwezo huo wa kufuta mashtaka una mipaka. Hata hivyo, aliyelalamika katika shauri hilo alikuwa mshtakiwa. Mwathiriwa alibaki nje.

Aprili 2005, katika shamba la Soysambu kwenye Bonde la Ufa, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aliuawa kwa risasi akichunguza biashara haramu ya nyamapori. Aliyefyatua risasi alikuwa kitukuu wa Lord Delamere, mlowezi mashuhuri wa enzi za ukoloni. Alijitetea kwamba aliwadhania maafisa hao kuwa majambazi. Alishtakiwa kwa mauaji, lakini mwezi uliofuata mashtaka yakafutwa, na Wamaasai wakaandamana kwa hasira. Zingatia jambo hili, msomaji: familia ya marehemu haikushindwa mbele ya jaji, haikupata hata nafasi ya kusikia ushahidi ukipimwa. Mwaka 2006, katika shamba lile lile, mtu yule yule alimpiga risasi na kumuua mtu mwingine. Mwaka 2009 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi minane. Hatuwezi kudai kwamba kesi ya kwanza ingezuia kifo cha pili. Lakini swali hilo liliachwa bila jibu, na hilo lenyewe ni jeraha.

Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara ya 157 ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka ya kushtaki, ikamkataza kufuta kesi bila ruhusa ya mahakama. Ibara ya 50 iliagiza itungwe sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo ikapatikana mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa ana haki ya kushiriki katika kesi, ingawa hawi mwendesha mashtaka wa pili.

Pengo bado lipo. Ruhusa ya mahakama huhitajika pale kesi iliyokwisha kufunguliwa inapofutwa. Kesi isipofunguliwa kabisa, mwathiriwa hana budi kudai sababu kwa maandishi, haki inayotokana na Ibara ya 47, kisha aiombe Mahakama Kuu iupitie uamuzi huo, au ajaribu mashtaka binafsi. Hiyo ni safari ndefu kwa mjane asiye na nauli, sembuse ada ya wakili.

Si kila kosa hufaa kufikishwa mahakamani, kwani pasipo ushahidi, kumshtaki mtu ni kumdhulumu. Lakini serikali inapompokonya aliyeumizwa kisasi chake na kusema, "Tuachie sisi," imechukua amana. Na mwenye kushika amana huulizwa, tena hana budi kujibu.