Fundo la Ulimi na Wajibu wa Mwalimu

Ndugu Msomaji,

Wageni wanaofika Kidichi huonyeshwa hamamu ya Kiajemi aliyoijenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850, wakaistaajabia, kisha wakenda zao. Mimi nimesomesha chuo hapa Kidichi kwa miaka mingi, na leo nataka kukukumbusha taarikh nyengine, nayo ni ya ulimi wa mwanaadamu. Wengi wetu tumeisahau, na kusahau kwetu kumewadhuru watoto.

Unajua kwamba Nabii Musa (A.S.), alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake, na nduguye Harun awe msaidizi wake. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) hakumvua utume kwa sababu ya ulimi, bali alimpa aliyoyaomba. Basi uzito wa ulimi si upungufu wa akili wala wa imani.

Wanavyuoni wa zamani walilijua hili. Al-Khalil bin Ahmad, mwenye asili ya Oman, aliyeishi Basra katika karne ya pili ya Hijra, aliipanga kamusi yake kwa kufuata makhraji ya herufi: akaanza na ain itokayo kooni, akaendelea mpaka herufi za midomo. Huko huko Basra alikuwapo Wasil bin Ataa, aliyefariki mwaka 131 Hijra (748). Sisi hatufuati madhehebu yake ya Muutazila, lakini haki husemwa: alikuwa msemaji hodari, na herufi ra haiwezi. Al-Jahiz ameeleza kwamba akitaka kutaja ngano hakusema burr, alisema qamh, ili aikwepe ile ra. Baadaye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala nzima juu ya namna herufi zinavyotokea, akaeleza koo na ulimi kwa jicho la tabibu.

Leo kazi hii ina wataalamu wake, na huifanya ndani ya skuli. Mwaka 1910 skuli za serikali za mji wa Chicago, Marekani, zilianza kuajiri walimu wa kurekebisha usemi. Kwetu Afrika ya Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwasomesha wataalamu hao mwaka 2008. Na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili huwapandikiza watoto viziwi vifaa vya kusikilia. Lakini mtoto akishasikia, bado hana budi afundishwe kusema.

Mtaalamu huyo hafanyi uganga. Kwanza hutaka masikio ya mtoto yapimwe, kwani asiyesikia herufi ataitamka vipi? Kisha hutazama ni herufi gani inayomshinda, akamuonyesha kwa kioo ulimi unakaa wapi, akamtoa kwenye sauti mpaka neno, na kwenye neno mpaka sentensi. Mwenye kigugumizi humpa nafasi amalize mwenyewe, na huwafundisha wazazi na walimu kufanya hivyo hivyo.

Sasa nakuungamia. Zamani nilikuwa na mwanafunzi mwenye kitembe. Kila "rabbi" ilitoka "labbi". Wenzake walicheka, nami nikadhani ni ukaidi, nikampiga. Siku moja hakurudi chuoni. Hivi karibuni alikuja mlangoni kwangu, mtu mzima, amemshika mwanawe mkono. Akaniambia, "Maalim, huyu usimpige." Tukazungumza sana, na sikumsikia hata mara moja akisema "rafiki", kila mara alisema "mwenzangu". Nikamkumbuka Wasil, nikaona haya. Mtu ameishi umri wake wote akiikimbia herufi moja, na fimbo ni yangu.

Ndugu Msomaji, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayeisoma Qurani kwa tabu ana ujira mara mbili. Vipi basi mwalimu amlipe bakora? Wataalamu bado ni wachache kwetu, lakini kumpeleka mtoto hospitali apimwe masikio, kumsikiliza bila ya kumkatiza, na kuwakataza wenzake wasimcheke, haya tunayaweza sote. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje.

Yule mtoto sasa anasoma kwangu. Ra bado haijatoka, lakini kila siku huja.

Wabillahi tawfiq.