Jengo la Hisani na Fedha za Umma: Mas'ala ya Miliki

Mgonjwa wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, azidiwapo usiku, jamaa zake hawabishani kama hospitali waiendeayo ni ya dola au ya kanisa. Humpakata juu ya pikipiki, katikati ya dereva na ndugu mmoja wa kumshikilia, wakashika njia ya Nyakahanga. Hospitali hiyo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, nayo kwa miaka mingi, tangu wilaya ya Kyerwa haijatengwa na Karagwe mnamo 2012, ilibeba jina la hospitali teule: yaani serikali iliafikiana na mwenye mali kwamba hospitali yake ihesabiwe kuwa ya wilaya, na hazina isaidie kuubeba mzigo wa mishahara na dawa.

Sina shaka na busara ya mapatano hayo. Shaka yangu ni juu ya lile yaliloliacha kando. Mshahara hulipwa ukaisha, na dawa kadhalika, ama jengo hubaki: hurithiwa, huwekwa rehani, na pengine hutaifishwa. Ndiyo maana mweka hazina husita kutia fedha za umma katika ukuta usio wake, na shirika la hisani nalo husita kuzipokea, likichelea kwamba aliyetoa bati atakuja kudai nyumba. Na baina ya khofu hizo mbili, wodi huachiwa wafadhili wa Ulaya, ambao hujenga kwa ukarimu kisha wakarudi kwao.

Khofu zenyewe zina tarikhi. Baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mnamo 1924, serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya elimu ya Tanganyika ya 1927, na shule za misheni zilizotimiza masharti zikapata ruzuku; na sheria ya 1969 ilipokuja, shule zilizosaidiwa zikatwaliwa pamoja na kuta ambazo waumini walizisombea mawe kwa vichwa vyao. Nia ilikuwa kuondoa ubaguzi wa dini madarasani, nami naiona kuwa nia ya haki, lakini jeraha lilibaki, na hata mapatano ya 1992 baina ya serikali na makanisa, yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, hayakulifuta lote. Tangu mwaka wa fedha 2018/19 serikali imeshika njia nyingine, ikaanza kujenga hospitali 67 za halmashauri zilizo zake yenyewe.

Mas'ala haya watu wa pwani walikwisha kuyapatia dawa. Mwenye shamba akilifanya wakfu, mali hutoka mkononi mwake isiingie mkononi mwa mwingine. Mtawalii huisimamia bila ya ruhusa ya kuiuza wala kuirithisha, na pato lake kwanza huitengeneza mali yenyewe, ndipo wanaostahiki wagawiwe. Zanzibar hata leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Huku Bara, sheria ya wadhamini ya 1956 huziwezesha bodi za mashirika kumiliki ardhi. Basi serikali itiapo fedha katika jengo la hisani, na idai hati ya namna hiyo, itakayolifunga jengo kwa kazi yake, lisiuzwe na shirika wala lisitwaliwe na dola, na itakayotenga fungu la matengenezo mbele ya matumizi mengine yote.

Fungu hilo nalililia kwa sababu. Nimepata kusimama chini ya paa la jengo moja la hisani, mvua ya masika ikinyesha, michirizi ya bati imeliwa na kutu, na maji yakimwagika hatua mbili kutoka kwenye tangi kubwa la saruji lililokuwa kavu. Mama mmoja alikuwa amekinga ndoo yake pale penye tundu.

Wako wasemao kwamba dola isiyo na dini haipaswi kumjengea mwenye dini. Ingekuwa kweli kama fedha zingejenga madhabahu. Lakini chumba cha kuzalia hakimuulizi mzazi imani yake, na hati yaweza kuliandika sharti hilo waziwazi. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, nakala yake ikae kwa mtendaji, na ndani yake litajwe fungu litakalomlipa fundi wa kuitengeneza michirizi kabla masika hayajaingia.