Kabla ya Nyuklia, Kulikuwa na Nyaya za Jinja

Tangu shirika la nyuklia la Kenya, NuPEA, ligeuze macho kutoka Uyombo, Kilifi, na kuitazama Siaya, habari za kinu zimepanda barabara ya Kisumu hadi Busia pamoja na samaki na magazeti. Lwanda Kotieno, panapopandiwa feri ya Mbita, ni moja ya sehemu zinazotajwa. Uganda nayo imeichagua Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, kwa kinu chake. Kwa hiyo mtu wa Busia au Tororo anaishi kati ya vinu viwili ambavyo bado havijajengwa.

Maofisa wana jibu moja kwa kila anayesitasita: wananchi waelimishwe. Uyombo walielimishwa sana. Mwaka 2023 walipeleka malalamiko Seneti, na Mei 2024 wakakabiliana na polisi barabarani. Huku mpakani elimu ilikuja mapema zaidi, tena bila semina. Ilipita hewani, kwenye nyaya za umeme, juu ya mashamba ya muhogo.

Kwa habari za nyaya hizo, kitabu ninachokiegemea ni cha Gail Wilson kuhusu bwawa la Owen Falls, kwenye mto Naili pale Jinja, kilichotolewa Nairobi mwaka 1967. Ni kitabu cha uchumi, na hesabu zake zinauma. Charles Westlake, mhandisi Mwingereza aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi ya Umeme ya Uganda iliyoundwa mwaka 1948, aliona viwanda vikimiminika Jinja mara tu mto utakapofungwa. Malkia Elizabeth akalifungua bwawa tarehe 29 Aprili 1954, Kabaka Mutesa wa Pili akiwa uhamishoni Uingereza, hivyo Buganda haikuwa na moyo wa sherehe. Viwanda vikaja kwa kudonoa. Tororo ilikuwa na kiwanda chake cha saruji chini ya mwamba, Jinja ikapata nguo na shaba, lakini umeme ulibaki mwingi na madeni yalisubiri kulipwa.

Ndipo akatafutwa mnunuzi. Mwaka 1955 ukatiwa saini mkataba wa kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50, na kufikia 1958 njia ya kilovolti 132 ilikuwa imetoka Jinja, ikapita Tororo na kuvuka mpaka kuelekea Nairobi. Waganda wengi walinung'unikia bei: mto wetu, taa zao.

Ila kulikuwa na nung'uniko jingine, la chini kwa chini, ambalo haliingii kwenye mizania ya bodi. Umeme wa nguvu hiyo hauteremshwi kwa ngazi na waya. Unahitaji kituo cha kuupoza, transfoma na nguzo ndogo, na kwa kijiji cha wakulima bodi haikuona faida ya gharama hizo. Basi nguzo za chuma zilisimama kwenye shamba la mtu, na mwenye shamba akala chakula cha jioni kwa kibatari. Sijui semina gani ingemfundisha zaidi kuhusu miradi mikubwa.

Kisha ukaja mwaka 1976. Tarehe 15 Februari Idi Amin, rais wa Uganda, alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, karibu kufika Nairobi, ni ya Uganda kihistoria. Hakubuni yote: hadi 1902 nchi hiyo ilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda, Waingereza wakaihamishia upande wa pili. Lakini kauli ile iliwasha moto. Mombasa mizigo ya Uganda ikasusiwa, Kenyatta akaapa kwamba hata inchi moja haitatolewa. Julai, baada ya makomando wa Israel kuvamia Entebbe na kutilia ndege zao mafuta Nairobi, uhasama ukazidi hadi mapatano ya Agosti. Wakati wote huo Nairobi ilikuwa ikinunua stima ambayo swichi yake iko Jinja, na waya wake ulipita kwa watu wa Tororo na Busia, ambao wana shangazi na mashamba pande zote mbili.

Miaka iliyofuata ni ya ubinafsishaji na mgao. Kuanzia 2005 usambazaji ulikuwa mikononi mwa kampuni iliyoitwa Umeme, hata upande wa Uganda neno letu likageuka jina la anayekukatia. Iliondoka mwishoni mwa Machi 2025.

Na nyuklia ile nyingine, ya kuunganisha viini badala ya kuvipasua? Desemba 2022 maabara ya Lawrence Livermore huko California ilipata megajuli 3.15 kutokana na leza za megajuli 2.05, ingawa mitambo ya kuzirusha ilimeza takriban 300. Kiswahili cha sokoni hakina neno la kuitenga na ile ya Buyende. Zote ni nyuklia, zote zinanuka Hiroshima. Hata hivyo Tororo inaitumia tayari ile ya kuunganisha, kwa njia ya mzunguko. Jua huwaka kwa kuunganisha viini vya haidrojeni, na tangu 2017 mjini humo kuna shamba la paneli za megawati 10 linalolisha gridi ya taifa. Jioni paneli hulala, na taa za mji hurudi kutegemea mto.