Mzee Ojwang: Mkikuyu aliyekuwa Mjaluo wetu wa Tarime

Najua nimepotea hapa kijiweni karibu wiki tatu, mniwie radhi. Majaribio yametubana, na bumu nalo mnajua wenyewe linavyotoka kwa mwendo wa kinyonga. Leo nina jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa nitashindwa kusoma.

Jumamosi iliyopita pale bwaloni kulikuwa na mazoezi ya igizo la kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Kwenye igizo kuna mlinzi wa geti. Mlinzi huyo lazima awe Mkurya (sijui kwa nini lazima), awe na panga, na kila mstari wake aanze na "mura". Nafasi akapewa jamaa mmoja wa Moshi ambaye Tarime anaijua kwenye taarifa ya habari tu. Akapanda, akakunja uso, akageuza kila "l" kuwa "r", akatishia kumkata mtu. Watu hoi kwa kicheko! Mwenzenu nilikuwa nimekaa mstari wa pili na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, sikujilazimisha. Ila usiku usingizi ukagoma.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Ojwang.

Wale wa Dar na Mtwara huenda hamumjui vizuri, kwa hiyo nianze mwanzo. Sisi watu wa Tarime tumezaliwa mpakani. Ukitoka Tarime mjini ukapanda kuelekea Sirari, ukivuka geti tu uko Isebania, Kenya. Wakurya wako pande zote mbili, kwa sababu mstari ule waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 bila kumuuliza mtu yeyote ng'ombe wake wanalisha wapi. Babu alikuwa mtu wa minada ya ng'ombe, na redio yake haikujali mpaka. Alikuwa akianika betri juani zipate nguvu, kisha jioni anazungusha kisahani. Leo Radio Tanzania na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, kesho Sauti ya Kenya kutoka Nairobi.

Hapo kuna historia kidogo, vumilieni. Utangazaji wa Kenya ulianza 1928, zaidi kwa ajili ya walowezi. Televisheni ikaja 1962. Mwaka 1964 shirika likaitwa Voice of Kenya, na 1989 likageuzwa kuwa KBC kama linavyojulikana hadi leo. Sasa linganisheni na kwetu: Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania bara tulisubiri mpaka 1994! Kwa hiyo wazee wa mpakani waliobahatika kukaa mbele ya televisheni kabla ya hapo, walikaa mbele ya televisheni ya Kenya, na aliyekuwa akiwachekesha mle ndani ni Ojwang.

Jina lake halisi ni Benson Wanjau. Alianza kujulikana miaka ya 1980 kwenye mchezo ulioitwa Darubini, kisha Vitimbi, na Vioja Mahakamani pia alionekana. Kwenye Vitimbi alikuwa mume wa Mama Kayai, ambaye ni mwigizaji Mary Khavere. Ojwang Hatari ni mzee wa Kijaluo mwenye suruali iliyovutwa mpaka juu ya tumbo, sauti ya kukoroma, na Kiswahili ambacho "sh" haipo. Shamba ni "samba", shilingi ni "silingi". Mbishi, mjanja, halafu mwoga mbele ya mkewe. Alifariki 2015 akiwa na miaka 78, kwa hiyo pigeni hesabu: alipoanza kuwa "mzee" kwenye televisheni alikuwa na arobaini na kitu hivi. Uzee ule aliutengeneza kwa mgongo na miguu, haukuwa wake bado.

Na Ujaluo nao haukuwa wake! Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshakuwa mkubwa, na siku nilipomwambia babu alikataa katakata. "Yule ni Mjaluo, acha uongo. Mimi Wajaluo nawajua." Na kweli anawajua, maana Rorya ilikuwa Tarime hiyo hiyo mpaka ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 2007, na babu kauziana ng'ombe na Wajaluo maisha yake yote. Kama mtu wa namna hiyo alidanganyika, basi Wanjau alikuwa fundi.

Waigizaji wa aina hii hawapo Kenya peke yake. Uingereza kulikuwa na Wilfrid Brambell, mzaliwa wa Dublin, Ireland, mwaka 1912. BBC walipoanza mchezo wa Steptoe and Son mwaka 1962, huyu mtu wa Ireland akapewa kuwa mzee mkusanya vyuma chakavu wa London. Aliyeigiza kama mwanawe, Harry H. Corbett, alizaliwa 1925. Yaani baba na mwana wamepishana miaka 13 tu, teh teh teh! Na watu waliamini mpaka mchezo unakwisha 1974, na redioni nako ukasikika. Watu kama hawa mara nyingi si wale nyota wanaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Kazi yao ni kuwa mtu mwingine kabisa, mpaka jina lao wenyewe linapotea. Mmoja akizaliwa Wanjau, anazikwa akiitwa Ojwang.

Sasa swali lililoninyima usingizi: kwa nini Ojwang hakutuudhi? Maana pale nyumbani hatuna maji ya utani. Tarime hii mnaijua. Koo na koo tumepigana kwa ajili ya ng'ombe na mashamba, na Wakurya na Wajaluo tuna yetu ya zamani. Mama yangu ni wa upande wa Mugumu, Serengeti, na hata kwenye harusi yao wazee walianza kwa kuulizana nani aliiba ng'ombe wa nani. Mtu akikuiga lafudhi kwenye mnada vibaya, unaweza kuona fimbo zinainuka. Lakini Ojwang akitokea kwenye kioo, kwa jirani yetu Mjaluo na kwetu sisi, wote tulikaa mkeka mmoja. Na aliyekuwa akicheka zaidi ni yule jirani Mjaluo.

Nadhani nimepata jibu. Ojwang hakuwa "Mjaluo" tu. Alikuwa na mke anayemgombeza, alikuwa na madeni, alikuwa na aibu, alikuwa na siku anapatia na siku anachemsha. Lafudhi ilikuwa shati lake, si mwili wake. Ukimvua lafudhi bado anabaki mtu mzima mwenye visa vyake. Tena hakuwa peke yake na lafudhi. Michezo ile ya KBC ilijaa watu wa kila kabila, kila mmoja na Kiswahili chake kilichopinda kivyake. Hakukuwa na mmoja anayesema "sanifu" akiwacheka wengine. Sasa yule mlinzi wetu wa bwaloni, ukimvua "mura" na panga, anabaki nini? Geti!

Kuna jambo la pili, na hili ni zito. Desemba 2007 Kenya walipiga kura, yakatokea yale mliyoyasikia. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Sehemu ya moto ule ilikuwa kati ya Wakikuyu na Wajaluo, majirani kuchoma nyumba za majirani. Na katika nchi hiyo hiyo kulikuwa na Mkikuyu mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akiingia sebuleni mwa watu akiwa Mjaluo, na wote wanamwita "mzee wetu". Sisemi vichekesho vinazuia vita. Vingezuia, basi moto ule usingewaka. Nasema tu kwamba mtu huyo aliwahi kuwepo, na hakuna aliyemlazimisha achague upande ili apendwe.

Miaka ya mwisho macho yalimsumbua sana, akawa haoni vizuri, Wakenya wakachanga fedha kumsaidia matibabu. Mimi hili linaniuma. Mtu kachekesha nchi mbili tatu kwa miaka yote hiyo, halafu akiugua lazima bakuli lipitishwe. Kwetu nako tumeyaona hayo hayo kwa wasanii wetu wakongwe, kwa hiyo tusijifanye wema. Wanjau alifariki usiku wa Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kwa homa ya mapafu. Mwaka huo huo Kenya walizima matangazo ya analojia, ile antena ya shangazi pale Sirari tuliyokuwa tukiizungusha kwa mti mrefu ikabaki ya kuanikia nguo.

Basi, turudi bwaloni. Jumatatu nilimfuata yule jamaa wa Moshi. Nilikuwa nimepanga kumpasha, lakini nikaona nitakuwa nimemthibitishia igizo lake, teh teh! Nikamwambia, "Kaka, unaigiza vizuri, ila huyo mlinzi hata jina hana." Akaniangalia. Akasema, "Sasa nimpe jina gani?" Tukakaa kwa mama ntilie mpaka giza likaingia. Nikamweleza kuhusu babu, betri za redio, na jinsi uchaguzi unavyochekesha kwetu maana "kula" na "kura" vikitamkwa na babu ni neno moja, na pengine babu yuko sahihi kuliko sisi. Aliandika kila kitu kwenye daftari lake la takwimu.

Mlinzi sasa ana jina, ana redio, na ana mke anayempigia simu kutoka Nyamongo kuuliza hela ya ada. Panga bado lipo, nimeshindwa kulitoa, mwongozaji anasema watu watalidai. Igizo ni Ijumaa saa moja jioni. Njooni mcheke, mimi nitakuwa mstari ule ule wa pili, na Jumamosi nitawaambia nililala au sikulala.

Naomba kuwakilisha.